Kutunza Tovuti ya Shule: Sura za Watoto, Nambari ya Karo na Funguo za Mlango

Mwongozo huu ni wa mwalimu aliyekabidhiwa tovuti ya shule ya upili nchini Kenya, iliyojengwa kwa WordPress, programu ya kuundia na kuendeshea tovuti. Vitu viwili vikiharibika hapo havina marekebisho: sura ya mtoto iliyokwisha kusambaa, na karo ya mzazi iliyokwisha kumfikia tapeli. Panga kazi yako yote kwa kuvilinda hivyo viwili.

Hatua ya 1: Jua funguo ziko kwa nani

Ulizia kwanza jina la kikoa, lile linaloishia kwa .sc.ke, limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Mara nyingi ni ya fundi aliyejenga tovuti, au ya mwalimu aliyekwisha kuhama. Notisi ya kulipia upya humwendea yeye, shule isijue lolote hadi tovuti izimike. Hamishia usajili kwenye barua pepe ya ofisi, lakini isiwe barua pepe ya kikoa hichohicho: kikoa kikiisha muda, barua pepe zake nazo hukatika, na hutaweza kupokea hata kiungo cha kubadili nywila.

Andika kwenye daftari la ofisi ya mwalimu mkuu: kikoa kinalipiwa wapi na kinaisha lini, seva (kompyuta inayohifadhi tovuti) ni ya kampuni gani, na akaunti zipi zina mamlaka kamili. Nywila zenyewe zisiandikwe humo. Zihifadhi katika programu ya kutunzia nywila.

Hatua ya 2: Kila mtu na akaunti yake

Wasimamizi wenye mamlaka kamili wawe wawili, basi. Mwalimu anayeandika habari za michezo anahitaji cheo cha mwandishi tu. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwa wote, yaani nywila pamoja na nambari ya siri ya muda, na nambari hiyo itoke kwenye programu ya simu badala ya ujumbe mfupi, kwa sababu laini ya simu inaweza kubadilishwa na matapeli. Kisha ongeza /?author=1 mwisho wa anwani ya tovuti yako uone: mara nyingi WordPress humwonyesha mgeni jina la kuingilia la akaunti ya kwanza. Kwa hiyo usitegemee jina hilo kuwa siri. Nguvu iko kwenye nywila ndefu na hiyo nambari ya muda.

Mwalimu akihama, futa akaunti yake siku hiyohiyo. WordPress itakuuliza maandishi yake yaende wapi: chagua kuyakabidhi kwa akaunti nyingine. Ukichagua kufuta, habari zake zote zinaondoka naye.

Hatua ya 3: Picha za wanafunzi

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia data ya mtoto, na picha ni data. Septemba 2023, Kamishna wa Data alitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini hiyo.

Fomu ya kujiunga na shule yenye sentensi moja ya jumla haitoshi. Tengeneza fomu ya pekee yenye visanduku tofauti: tovuti, mitandao ya kijamii, jarida la shule. Ijazwe upya kila mwaka, na mzazi aambiwe wazi kwamba anaweza kuiondoa idhini yake wakati wowote. Orodha ya waliokataa, kwa nambari za usajili, awe nayo anayepiga picha kabla sherehe haijaanza. Kuwatafuta watoto hao ndani ya picha 400 baada ya sherehe ni kazi isiyokwisha.

Kisha, kwa kila picha:

- Jina kamili, sura na darasa visikae pamoja. "Wanafunzi wa kidato cha pili kwenye maabara" inatosha.
- Badili jina la faili. Faili lililoitwa jina la mtoto hutaja jina hilo hata kama maelezo ya chini hayakulitaja.
- Ondoa alama za mahali. Kamera ya simu huweza kuandika latitudo na longitudo ndani ya picha. Zima mahali kwenye mipangilio ya kamera. Picha iliyotumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hupoteza taarifa hizo, lakini ikitumwa kama faili hubaki nazo zote.
- Punguza upana hadi pikseli 1600 hivi. Mzazi anayetumia bando atakushukuru, na itakuwa vigumu zaidi kukuza uso wa mtoto aliyesimama nyuma.

Hatua ya 4: Nyaraka

Matokeo ya mitihani ya mwanafunzi mmoja mmoja yasipandishwe kabisa. Wastani wa shule unatosha. Na waraka wowote ukaguliwe kabla. Safu iliyofichwa kwenye Excel bado imo, na jina lililofunikwa kwa mstari mweusi kwenye PDF mara nyingi liko chini yake. Jaribu hivi: fungua PDF, chagua maandishi yote, yabandike kwenye ukurasa mtupu, usome kilichotoka.

Kumbuka pia kwamba kuondoa kiungo ukurasani hakufuti faili. Lifute kwenye maktaba ya midia. Halafu fungua folda ya /wp-content/uploads/ kwa kivinjari: ukiona orodha ya mafaili, mtu yeyote anaiona. Kwenye seva inayotumia programu ya Apache, mstari wa Options -Indexes ndani ya .htaccess, faili la mipangilio ya seva, huifunga orodha hiyo.

Hatua ya 5: Ukurasa wa karo

Mvamizi mwerevu habomoi tovuti. Hubadili nambari ya Paybill na kunyamaza. Mabadiliko ya ukurasa huu yafanywe na mtu mmoja, yathibitishwe na mhasibu. Kila Jumatatu, na kila siku katika wiki ya kufungua shule, linganisha nambari ya ukurasani na ile ya barua ya karo iliyopigwa muhuri. Ni kazi ya dakika moja.

Hatua ya 6: Chelezo na masasisho

Chelezo (nakala ya akiba) ya hifadhidata, yaani maandishi na akaunti za tovuti, ifanywe kila siku, ya mafaili kila wiki, zitunzwe siku 30, na nakala moja iwe nje ya seva. Kila muhula irejeshe moja mahali pa majaribio, maana chelezo isiyofunguka ni sawa na kutokuwa nayo. Sasisha programu-jalizi (nyongeza za WordPress) moja baada ya nyingine, baada ya chelezo. Zile za kulipia zinazogawiwa bure usiziguse. Mara nyingi zimepandikizwa mlango wa nyuma wa kumwingiza mvamizi.

Hatua ya 7: Ukivamiwa

Usianze kwa kufuta. Funga tovuti kwa muda, nakili mafaili na kumbukumbu za seva (rekodi za nani aliingia na lini), kisha badili nywila za seva, hifadhidata, wasimamizi na barua pepe. Badili funguo za siri ndani ya wp-config.php, faili la mipangilio ya WordPress, ili kila aliyeingia atolewe. Futa msimamizi usiyemtambua, rejesha chelezo ya kabla ya uvamizi, sasisha kila kitu, ndipo ufungue.

Ikiwa data ya wanafunzi imefikiwa na hatari ya kuwadhuru ipo, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu mlipojua. Kurasa zilizobaki kwenye Google ziombee kuondolewa kupitia Search Console, huduma ya Google kwa wenye tovuti, ukijua kwamba ombi hilo huzificha kwa takriban miezi 6 tu. Faili lenyewe lisipofutwa kwenye seva, litarudi.