Kupiga picha ndege wadogo wa uani wakati majani yanapukutika: mwongozo kwa tulio Uingereza

Kama unakaa Uingereza kwenye nyumba yenye kauwanja ka nyuma, hata kawe ka mita chache na uzio wa mbao pande tatu, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ya kutoa kamera kabatini. Wengi husubiri Aprili, ndege wakiimba na maua yakichanua. Mimi naona Aprili ndiyo ngumu zaidi: majani yamejaa, ndege yumo kichakani, unamsikia lakini humwoni. Vuli ya huku inakuondolea pazia hilo. Ndege nao wameshabadilisha manyoya baada ya kulea makinda, kwa hiyo hawana tena yale manyoya yaliyochakaa ya Julai. Juu ya hayo, wadudu wamepungua na usiku umerefuka. Ndege wa gramu 11 analazimika kula mchana kutwa ili afike asubuhi akiwa hai. Njaa hiyo ndiyo itakayomleta karibu nawe.

Ushauri wangu mkubwa ni kwamba usimfukuze ndege kwa lenzi. Mwandalie mahali pa kutua, elekeza kamera hapo, kisha ngoja. Anayekimbizana na ndege uani huishia na mamia ya picha za matawi matupu.

Kwanza wajue wageni wako. Robini, mwenye kifua cha rangi ya chungwa, ndiye wa kuanzia. Hutua kwenye mpini wa jembe au ukingo wa chungu, anatulia, anashuka kuokota kitu, anarudi palepale. Wakati wa vuli, dume na jike kila mmoja hulinda eneo lake na wote huimba, kwa hiyo aliyepo kwako leo kesho atakuwepo. Blutiti, wa bluu na manjano, ana pupa: anachukua mbegu moja, anaruka nayo hadi tawi la jirani, anaibana kwa miguu na kuipasua kwa mdomo. Hapo anasimama sekunde kadhaa, na hapo ndipo picha ilipo. Ukimpiga kwenye chombo cha chakula utapata plastiki na mgongo. Reni ni wa kahawia, mkia juu, hupita chinichini kwenye magogo na mizizi akitafuta buibui, na mbegu zako hazimhusu sana. Chiriku wenye uso mwekundu ni rahisi kwa sababu wakishakaa kwenye chombo hawaondoki upesi, isipokuwa kipanga akipita.

Wako pia wale wadogo wenye mkia mrefu kuliko mwili (kwa Kiingereza long-tailed tit), wanaotembea ukoo mzima kwa pamoja. Hufika kwa kishindo, kwa dakika mbili tatu uani panachemka, halafu hawapo. Usihangaike na yule aliye mbele yako. Angalia wanaelekea upande gani, kwa maana huvuka mti hadi mti mmojammoja kwa njia ileile. Elekeza lenzi kwenye tawi la mti unaofuata na walio nyuma watakuja wenyewe.

Mtihani wa mwisho ni goldikresti, ndege mdogo kuliko wote nchini humu. Ana gramu tano au sita, yaani karibu sawa na sarafu ya pensi 20. Baadhi yao huvuka Bahari ya Kaskazini kutoka Skandinavia kila Oktoba, jambo ambalo bado linanishangaza. Hapendi vyombo vya mbegu. Mtafute kwenye ua wa misonobari, akizungukazunguka chini ya vitawi kutafuta wadudu. Huyu hatulii kabisa, na picha moja kali kati ya hamsini ni mavuno mazuri.

Programu ya bure ya Merlin ya maabara ya Cornell, Marekani, itakusaidia kuwatambua kwa sauti. Iwashe dirishani asubuhi uone orodha. Ila usicheze sauti zake kwa spika ili kuwaita. Ndege anayelinda eneo lake atadhani amevamiwa, atapoteza nguvu anazozihitaji usiku.

Tuje kwenye maandalizi yenyewe. Chombo cha chakula kiweke mahali ambapo ndege ana kichaka cha kukimbilia mita mbili hivi pembeni, lakini si palipo na majani ya kumficha paka. Mbegu za alizeti zilizomenywa hupendwa na karibu wote na haziachi maganda. Mafuta yaliyogandishwa kama mpira ni mazuri baridi ikianza, ila vua ule wavu wa nailoni, hunasa miguu. Karanga ziwe zisizo na chumvi, na ununue zile zilizouzwa kwa ajili ya ndege. Sisi tunaijua sumukuvu kwenye mahindi na karanga nyumbani. Ndege nao huuawa nayo, kwa hiyo usiwamwagie zilizokaa kabatini mpaka zikavunda.

Sasa chukua tawi zuri, lenye ukungu wa kijani au majani mawili matatu ya njano, ulifunge kwenye kijiti sentimita 30 hadi 50 kutoka kwenye chombo. Ndege hawapendi kuingia moja kwa moja. Hutua pembeni kwanza, wakague usalama, wasubiri zamu. Tawi lako litakuwa foleni yao. Chagua lililo jembamba ili miguu yao ionekane, na ulilaze kidogo. Kisha nenda ukakae mahali utakapopigia na uangalie kilichopo nyuma ya tawi. Ukiona pipa la taka la kijani, sogeza tawi. Ua au mti wenye majani ya rangi ulio mita nne au tano nyuma utageuka kuwa rangi laini bila umbo, na kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba rangi hiyo ni ya shaba na dhahabu. Hakuna programu ya kompyuta itakayokupa mandhari hiyo.

Umbali una hesabu yake. Kwa kamera yenye kihisi cha APS-C (kile cha ukubwa wa kati, cha kamera nyingi za kawaida) na lenzi ya milimita 300, blutiti wa sentimita 12 akiwa mita 3 anajaza nusu ya upana wa picha. Akiwa mita 6 ni robo tu. Ndiyo maana nasema kabla ya kukopa pesa ya lenzi ya milimita 600, sogeza tawi. Lenzi ya 70–300 iliyotumika, kutoka duka linalokagua na kutoa dhamana kama MPB, inatosha kabisa kwa uwanja mdogo. Kabla ya kununua lenzi kubwa angalia umbali wake wa chini kabisa wa kufokasi. Nyingine hazishiki kitu kilicho karibu kuliko mita mbili na nusu, na uwanja wenyewe labda una mita tano.

Mipangilio ya kamera sasa. Kwa ndege aliyetulia, kasi ya shata (muda ambao kamera hupokea mwanga) ya 1/500 ya sekunde inaweza kutosha, lakini hawa hugeuza kichwa ghafla kuliko unavyodhani, kwa hiyo mimi huanzia 1/1000. Anayeruka anataka 1/2500 au zaidi. Tundu la lenzi lifungue lote, f/5.6 au f/6.3. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, iache ijipange yenyewe, ukiiwekea kikomo cha 6400. Usiogope namba hiyo. Chini ya mti, siku ya mawingu ya Novemba, kasi ya 1/1000 itaipandisha ISO hadi 3200 au 4000 bila kukuuliza. Chembechembe kwenye picha zinapunguzika kwa programu, ila ndege aliyetikisika habadiliki. Piga kwa RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalichakata.

Fokasi iwe ya kufuatilia, ile ambayo Canon huiita AI Servo na wengine AF-C. Kama kamera yako inatambua jicho la ndege, washa. Kama haitambui, tumia nukta moja na uiweke kichwani, maana kwa lenzi ya 300 kwenye mita 3 na f/6.3, sehemu iliyo kali ni kama sentimita mbili na nusu tu, mbele hadi nyuma. Mdomo ukiwa mkali na jicho limefifia, picha imekwenda. Ngoja akae ubavu, mwili mzima uwe kwenye kina kilekile. Bonyeza mfululizo mfupi wa picha nne tano kila anapotua, usishikilie kidole mpaka kamera ijae. Na jicho bila nukta ya mwanga ni jicho lililokufa. Msubiri ageuze kichwa kidogo kuelekea angani.

Mwanga wa huku una tabia ambayo aliyekulia karibu na ikweta hana budi kuizoea. Kwetu jua la saa sita liko utosini na kivuli kinaziba macho ya ndege, unapiga asubuhi na jioni basi. London katikati ya Novemba, jua la saa sita liko kama nyuzi 20 tu juu ya upeo, kwa hiyo mwanga ni wa ubavuni na laini mchana wote. Ubaya ni kwamba jua hilo la chini huzibwa na nyumba. Uwanja unaotazama kaskazini unaweza kukosa jua moja kwa moja mwezi mzima. Siku moja ya mapumziko, chungulia kila saa uone mwanga unagusa wapi na kwa muda gani, halafu hamishia tawi huko. Na muda hautoshi: saa zikishasogezwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, jua linazama kabla ya saa kumi na moja, na katikati ya Desemba kabla ya saa kumi.

Kwa wanaofanya zamu za usiku, hospitali au kwenye nyumba za wazee, hapa mna bahati. Ndege hula kwa pupa zaidi saa mbili za mwanzo baada ya kupambazuka. Unarudi saa mbili asubuhi, chai inachemka, wageni wako wapo tayari. Nusu saa kisha ukalale.

Wengi tutapigia ndani kwa sababu ya baridi. Kioo cha dirisha la tabaka mbili hula ukali wa picha, lakini inawezekana: kifute pande zote mbili, zima taa, vaa nguo nyeusi, lenzi iguse karibu kioo na ikikabili sawasawa bila kupinda. Kufungua dirisha ni bora, ila kuna mtego ambao wengi hawaujui. Hita ikiwa inawaka, hewa ya moto hutoka dirishani na kukutana na baridi, na picha zote zinakuwa na ukungukungu kana kwamba lenzi ni mbovu. Zima hita ya chumba hicho, fungua dirisha, ngoja dakika kumi na tano hadi hewa ilingane. Utavaa koti ndani ya nyumba, ndiyo. Lenzi ilaze juu ya mfuko wa maharage kwenye kizingiti cha dirisha. Unatulia kuliko tripodi na baadaye unapikwa.

Asiye na kamera atumie simu. Ifunge kwenye tripodi ndogo sentimita 40 kutoka kwenye tawi, iache siku mbili tatu wakati wa kula ili waizoee (hata kipande cha mbao cha ukubwa wa simu kinatosha kwa kuwazoesha), kisha bonyeza kwa rimoti ya Bluetooth ukiwa ndani. Video ya mwendo wa polepole ya robini akitua inapendeza kuliko picha nyingi za watu wenye lenzi za bei mbaya.

Majirani: lenzi ndefu inayotazama madirisha ya watu kutoka dirisha la mgeni mweusi mtaani ina maelezo yake, na heri uyatoe wewe kabla hayajatungwa na wengine. Wagongee mlango, wape picha ya robini iliyochapishwa, waambie unafanya nini. Pia elekeza kamera chini au kwenye uzio wako. Waingereza wakishajua unapenda ndege hawakuachi, utaletewa mpaka vyombo vya chakula vya bure. Kama umepanga, tumia nguzo ya kuchomeka kwenye udongo, usipigilie misumari ukutani, na usimwage mbegu nyingi chini kwani panya watamfanya mwenye nyumba akupigie simu.

Usafi si hiari. Ugonjwa wa trikomona umewamaliza chiriku wa kijani kwa wingi nchini humu tangu miaka ya 2005 na 2006, na huenea pale ndege wengi wanapokula na kunywa pamoja. Osha vyombo kila wiki kwa dawa ya kuua vijidudu, suuza, vikauke kabisa, na hamisha mahali mara kwa mara. Ukimwona ndege amevimba manyoya, mlegevu, anashindwa kumeza, ondoa chakula kwa wiki mbili hivi wasambae. Picha zitasubiri.

Usiwatafute mbayuwayu. Wengi wa Uingereza huwa wameshaondoka kufikia mwanzo wa Oktoba, safari ya hadi Afrika Kusini. Kama likizo yako ni Novemba au Desemba na unakwenda Kenya, pita Ngulia, Tsavo Magharibi. Tangu 1969 watafiti huwavika pete pale ndege wa Ulaya na Asia wanaovutwa na taa za loji usiku wa ukungu. Kinyume chake, yule wa kijivu mwenye kofia nyeusi (kwa Kiingereza blackcap) utakayemwona kwako wakati wa baridi mara nyingi si wa hapa. Ametoka Ulaya ya kati, huku wale wa Uingereza wakiwa wameshuka kusini kuelekea Mediterania.

Na ukiwatumia wa nyumbani, usitume kama picha ya kawaida ya WhatsApp, hubanwa na manyoya yote uliyoyahangaikia hupotea. Tuma kama dokumenti, upana wa pikseli 2000 hivi ili isile bando la mama.