Kununua gari kwenye mnada wa mtandaoni ukiwa Mbeya

Kwenye mnada wa ana kwa ana ungefungua boneti na kuchungulia uvunguni. Ukinunua mnada wa Japani kwa simu ukiwa Mwanjelwa, macho yako ni karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari. Usitaje bei kabla wakala anayekununulia hajakutumia nakala ya karatasi hiyo.

Anza na daraja la hali ya gari. 4 au 4.5 ni gari zuri, 3.5 linavumilika, R au RA limewahi kugongwa likatengenezwa. Kisha soma mchoro wa bodi: A ni mkwaruzo, U limebonyea, W limenyooshwa, XX kipande kimebadilishwa. Namba ni ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 unaonekana wazi. Ogopa zaidi S na C, yaani kutu. Magari ya Hokkaido hupita kwenye chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa theluji, na chesisi iliyoliwa si ya kushukia mlima Kitonga. Dai picha za uvunguni.

Piga ushuru kwenye kikokotoo cha TRA kabla ya kuweka dau, maana gari lililozidi miaka 8 huongezewa ushuru wa uchakavu. Jumlisha meli, bandari na mafuta ya kutoka Dar, kilomita zaidi ya 800. Mpe wakala dau la mwisho kwa maandishi.