Somo: Kulitazama jiwe la Manda kwa ndani

Majahazi yakishusha mawe ya matumbawe ya kujengea kutoka kisiwa cha Manda, Lamu, okota kibanzi kimoja kilichovunjika, ukidondoshee tone la maji. Tone likizama mara moja, umeshajua kwamba jiwe lina vitundu na vitundu vina njia. Wanaotafuta mafuta au maji chini ya ardhi huuliza hayo hayo mawili: vitundu ni vingi kiasi gani, na je, vimeungana? La pili ndilo zito, na ndilo linalohitaji picha za pande tatu.

1. Mizani kabla ya mashine

Wengi huruka hatua hii, kisha hubaki na picha nzuri wasizoweza kuzitetea. Kausha jiwe kwenye oveni, lipime. Lizamishe kwenye maji matamu (ya bahari yana chumvi, yatakudanganya) mpaka viputo viishe, lipime likining'inia ndani ya maji. Kisha litoe, lifute juu juu kwa kitambaa chenye unyevu, ulipime tena.

Tuseme likiwa kavu ni gramu 200, likining'inia 126, likiwa limelowa 228. Maji yaliyoingia ni gramu 28. Ujazo wa jiwe zima ni 228 toa 126, yaani sentimita za ujazo 102 (gramu moja ya maji hujaza sentimita moja ya ujazo). Gawanya 28 kwa 102: asilimia 27 na ushei ya jiwe ni uwazi. Iandike mahali, tutairudia. Matumbawe yana hila yake lakini: vitundu vikubwa humwaga maji ukilinyanyua jiwe, na namba hutoka ndogo kuliko ukweli.

2. Kukata na kupiga

Mashine ya maikro-CT hufanya kazi kama ile ya hospitali, ila hapa anayezunguka ni mgonjwa. Kipande huzungushwa mbele ya eksirei, vivuli mamia au maelfu hunaswa, na kompyuta huvijenga upya kuwa bonge la nukta zinazoitwa vokseli.

Hesabu ya kukata ni nyepesi. Upana wa kipande gawanya kwa pikseli za kamera: milimita 5 kwa pikseli 2,000 ni mikroni 2.5 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) kila nukta. Ukitaka kuona vitundu vidogo zaidi, kata kipande chembamba zaidi, na ujue kwamba unaona sehemu ndogo zaidi ya mwamba.

Kifunge kipande barabara. Usiku mmoja nilikishikiza kwa udongo wa watoto wa kuchezea. Joto la mashine likaulegeza, kipande kikainama kiasi cha unywele. Asubuhi kila punje ilikuwa na pacha wake kando, kama macho ya mtu mwenye kizunguzungu. Kazi ya usiku mzima bure. Siku hizi ni gundi tu.

Kingo zikitoka nyeupe kuliko katikati, eksirei dhaifu zimemezwa njiani. Weka bamba jembamba la alumini au shaba mbele ya mwali.

3. Kutenga jiwe na uwazi

Hapa ndipo watu hudanganyana. Picha ni ya kijivu: jiwe jeupe-jeupe, uwazi mweusi, na katikati yake nukta zilizobeba vyote viwili. Lazima uchore mpaka. Programu itakupa wa kwake, mara nyingi kwa njia ya mtafiti Otsu ya mwaka 1979, lakini usogeze kidogo tu uone asilimia inavyoruka. Ile namba ya mizani ndiyo shahidi wako. Picha ikisema 19 na mizani 27, huenda vitundu vingine ni vidogo kuliko vokseli zako. Usiusukume mpaka huo kwa nguvu ili tu namba zilingane.

4. Kutafuta njia

Iambie programu ipake kila fungu la vitundu vilivyoungana rangi yake. Rangi moja ikitoka juu hadi chini, maji yanapita. Rangi zikiwa nyingi kama kanga dukani, una vyumba visivyo na milango.

Upana wa mlango nao una neno: nusu ya kipenyo hupunguza mtiririko wa bomba mara 16. Ndiyo maana miamba miwili yenye uwazi sawa inaweza kupitisha maji tofauti kabisa, jambo linalopimwa kwa kanuni aliyoitoa mhandisi Mfaransa Darcy mwaka 1856 kwa kupitisha maji kwenye mchanga.

Maswali ya wanachama

*Wa Malindi:* Mwalimu, CT ya hospitali haifai?

Yafaa kwa matundu makubwa ya matumbawe, maana huona hadi kama nusu milimita. Mchanga wa vilima vya Shela, unaotuhifadhia maji ya kunywa, utauona kama uji.

*Wa Langoni:* Sina mashine wala pesa. Nijifunzie wapi?

Pakua Fiji, programu ya kuchambua picha, ni bure. Imperial College London wameweka wazi picha za jiwe la Ketton, chokaa ya Uingereza. Kata mchemraba wa vokseli 400 kila upande: ni megabaiti 64, kompyuta yoyote itaubeba. Ukitaka la kwetu, jaza plasta nyeusi kwenye vitundu, sugua jiwe kwa msasa nusu milimita kwa nusu milimita, upige picha kila mara simu ikiwa palepale. Zipange Fiji. Vumbi utalila, ila pande tatu utazipata.

*Wa Shela:* Haya yahusu nini mafuta ya kwetu?

Kisima cha Sunbird-1, kilichochimbwa mwaka 2014 baharini katika bonde la Lamu, kilikuta mafuta na gesi ndani ya mwamba wa matumbawe wa kale. Matumbawe hujaa vyumba, si lazima milango.

*Wa Malindi tena:* Na tone la maji likikaa juu bila kuzama?

Lisubiri dakika moja. Kisha geuza jiwe, jaribu upande wa pili.