Printa Inapochelewa kwenye Kompyuta ya Zamani ya Ofisi: Tafuta Kwanza Mahali Kazi Inapokwama

Kompyuta ya ofisi iliyotimiza miaka kumi inapoanza kuchelewesha uchapaji, lawama ya kwanza huangukia printa, ilhali mara nyingi printa haina kosa. Tangu mtumiaji anapotoa amri ya kuchapa hadi karatasi inapotoka, waraka hupita mikononi mwa wengi: programu huuandaa, draiva huugeuza kuwa lugha ambayo printa inaielewa, Windows huuhifadhi kwenye diski ukisubiri zamu yake, waya au mtandao huusafirisha, na printa, ikiwa ni ya leza, hupasha moto sehemu ya kugandisha wino ndipo ianze kazi. Kwa hiyo, kabla ya kufuta draiva au kununua kifaa kipya, pima ujue ni hatua ipi inayokwamisha nyingine.

Kipimo chenyewe hakihitaji fundi. Anza kwa kuiamuru printa itoe ukurasa wake wa majaribio bila kuhusisha kompyuta; printa nyingi za leza hufanya hivyo kwa kubonyeza kitufe au kupitia menyu yake, na kijitabu chake kitakuelekeza. Ukurasa huo ukitoka haraka, printa ni nzima. Kisha fungua Notepad, programu ndogo ya kuandikia iliyomo ndani ya Windows, andika mstari mmoja, uchape, na mwisho chapa ule waraka unaosumbua. Mstari mmoja ukitoka upesi na waraka ukachelewa, tatizo limo ndani ya waraka au namna unavyoandaliwa. Lakini mstari mmoja nao ukichukua dakika nzima, chunguza foleni, muunganisho au kompyuta yenyewe. Ukurasa wa kwanza kuchelewa kidogo baada ya printa kupumzika kwa muda mrefu si hitilafu, kwa kuwa inapasha moto.

Foleni, yaani kazi zinazosubiri zamu ya kuchapwa, husafishwa hivi. Waarifu kwanza wenzako wanaotumia kompyuta hiyo kuchapa, kwa sababu kazi zote zinazosubiri zitafutika. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika services.msc, tafuta huduma iitwayo Print Spooler na uisimamishe. Nenda kwenye folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS, futa mafaili yaliyomo bila kuigusa folda yenyewe, kisha rudi uiwashe huduma ile. Utahitaji idhini ya msimamizi wa kompyuta. Ukiwa hapo, angalia pia nafasi iliyobaki kwenye diski ya C, maana foleni huandikwa humo, na diski iliyojaa pomoni huifanya kila kazi ijikongoje.

Chanzo kinachosahaulika zaidi maofisini ni kichwa cha barua. Mtu aliskani nembo ya taasisi kwa ubora wa juu kabisa, akaibandika kwenye kiolezo, na tangu siku hiyo kila barua, hata ile ya mistari mitatu, inabeba picha ya megabaiti kadhaa. Hesabu yake ni hii: ukurasa wa A4 ukiandaliwa kwa nukta 600 kwa kila inchi huwa na nukta takribani milioni 35, na kwa rangi kamili hiyo ni zaidi ya megabaiti 100 kabla ya kubanwa. Ukishusha hadi 300, mzigo hubaki robo, na barua ya kawaida bado itasomeka vizuri. Mzigo huo huumiza zaidi kwa printa ndogo za leza kama HP LaserJet 1020, ambazo huiachia kompyuta kazi ya kuupanga ukurasa mzima. Katika Word, bofya nembo, chagua Compress Pictures, ondoa alama inayoelekeza picha hiyo peke yake kama ukurasa una picha nyingine, chukua kiwango cha nukta 150 au 220 kwa inchi, kisha hifadhi kiolezo upya.

Mafaili ya PDF yana kasoro yake. Katika Adobe Reader, ndani ya dirisha la kuchapa, kitufe cha Advanced kina chaguo la Print as Image. Chaguo hilo huokoa ramani au michoro tata inayokwama, lakini likiachwa limewashwa, hata maandishi matupu hugeuzwa kuwa picha na kuchelewa bila sababu. Liwashe kwa faili linalogoma tu.

Kwa upande wa muunganisho, chomeka waya wa printa moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Kigawanya milango (USB hub) cha zamani chenye USB 1.1 hupitisha megabiti 12 kwa sekunde, wakati USB 2.0 hufikia 480. Kama printa iko kwenye mtandao, fungua Printer Properties, kisha Ports. Ikiwa inatumia mlango wa WSD (njia ya Windows ya kuigundua printa kiotomatiki) na inasitasita, iunganishe upya kwa Standard TCP/IP, inayoifikia printa kwa anwani yake ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, baada ya kuhakikisha kuwa anwani hiyo haibadilikibadiliki. Ondoa pia printa zilizokwisha kuhamishwa au kufa ambazo majina yake bado yamo kwenye orodha: Word huweza kuganda ikiitafuta printa chaguo-msingi ambayo haipo tena.

Draiva ichukuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji, wala si kwenye tovuti zinazojitangaza kusasisha kila kitu. Kama mtengenezaji anatoa draiva za PCL na PostScript, ambazo ni lugha mbili za kuielekeza printa, jaribu PCL kwanza kwa barua na ripoti za kawaida. Tazama vilevile aina ya karatasi iliyochaguliwa, kwani ikiachwa kwenye karatasi nene au bahasha, printa hupunguza mwendo kwa makusudi ili wino ugande.

Yote hayo yakishindikana, fungua Task Manager kwa Ctrl, Shift na Esc, kisha chapa huku ukitazama. Kwenye Windows 10, diski ikipanda hadi asilimia 100 na kubaki hapo, kompyuta ndiyo inayozidiwa. Gigabaiti 2 za RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ndicho kiwango cha chini cha Windows 10 ya biti 64, na kivinjari kikiwa wazi hazitoshi. Kuongeza hadi 8, pale kompyuta inapoziruhusu, na kubadilisha diski ya kuzunguka kwa SSD, diski ya kasi isiyo na sehemu inayozunguka, kutasaidia kuliko printa mpya. Hata hivyo, Microsoft ilikoma kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, hivyo kabla ya kutoa fedha za vipuri, mwulize fundi iwapo kompyuta hiyo inaweza kupokea Windows 11. Ikiwa haiwezi, nunua SSD pekee, kwa kuwa huenda ukaweza kuihamishia kwenye kompyuta itakayofuata.