Namna ya Kuitaja Hisia kwa Jina Wakati wa Kutafakari

Anayetaka kujifunza kutafakari kwa umakinifu hapa Mombasa asisubiri ukimya kamili, ambao mkazi wa Majengo au Kongowea huupata kwa nadra; dakika kumi za kuketi barazani baada ya alfajiri, kabla watu hawajaanza kumwita, zinamtosha.

Keti mgongo ukiwa wima, fumba macho, kisha ifuate pumzi inavyoingia na kutoka puani. Fikira zikihama, zirejeshe bila kujilaumu.

Kazi ngumu, ambayo kwa maoni yangu ndiyo yenye faida kubwa zaidi, huanza pale hisia inapojitokeza. Kwanza itafute mwilini: huenda kifua kimebana, koo limekauka au meno yameumana. Kisha itaje kimoyomoyo kwa maneno machache: "Hii ni hofu." Usiseme "Mimi ni mwoga," kwa kuwa hofu ni hali inayopita. Wala usitosheke na "Nina mawazo," kauli tunayoitumia kwa kodi ya nyumba iliyochelewa, kwa ugonjwa wa mzazi na hata kwa kinyongo cha juzi. Jiulize kama ni wasiwasi, majuto, wivu, upweke au fedheha. Abiria aliyefokewa na utingo wa matatu pale Buxton anaweza kudhani kwamba ana hasira, lakini akitulia akatambua kuwa kilichomchoma hasa ni kuaibishwa mbele za watu. Jina likipatikana, rudi kwenye pumzi. Ukianza kusimulia nani alikosea, utaichochea hisia upya.

Mwaka 2007, Matthew Lieberman wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walipima shughuli za ubongo za watu waliokuwa wakitazama picha za nyuso zenye hisia. Watu hao walipochagua neno la kuitaja hisia waliyoiona, shughuli ilipungua katika amigdala, sehemu inayohusika na hofu, na ikaongezeka katika eneo la mbele la ubongo upande wa kulia.

Usitarajie huzuni kutoweka kwa kutajwa; mara nyingi hulegea kidogo tu, na hiyo ni nafuu ya kweli. Iwapo kumbukumbu ya msiba au ya kudhulumiwa itakulemea, fumbua macho, simama, utembee, na jambo hilo ulipeleke kwa mshauri nasaha au daktari badala ya kulikabili peke yako.