Somo: Hesabu za mtoto sokoni, hatua kwa hatua

Swali la namna ya kumfundisha mtoto hesabu sokoni ninalijibu kila mara hapa Bukavu, Kongo, sasa naliandika lote. Ni kwa mtoto wa miaka saba kupanda, anayetambua noti za faranga.

1. Nyumbani aandike vitu vya kununua na bei anazokisia.

2. Nendeni asubuhi, mama wa soko akiwa na nafasi.

3. Mtoto mwenyewe aulize bei. Mafungu matatu ya nyanya, kila moja 500: ajumlishe kwa sauti.

4. Pesa inayorudi. Hapa wazazi wengi wanaharibu. Wanamfanyisha mtoto kutoa kama ubaoni, 5000 toa 1700, akope huku apeleke kule kichwani, na watu nyuma wanasukumana. Mama wa soko hahesabu hivyo, yeye anapanda: kutoka 1700 mpaka 2000 ni 300, kutoka 2000 mpaka 5000 ni 3000, basi 3300. Mfundishe hivyo, noti zikiwekwa moja moja mkononi mwake. Asiondoke mezani kabla hajamaliza. Akikosea, usimnyang'anye pesa wala usimkaripie mbele ya muuzaji. Ahesabu upya polepole. Dola ziacheni kwanza, kiwango kinabadilika na pesa mbili kwa pamoja zinamvuruga.

5. Mkirudi, alinganishe na bei alizokisia.

MASWALI

Mama wa Kadutu: Wangu ana miaka mitano, aanze na dola?
— Mama, soma mistari ya juu na hatua ya 4.

Papa wa Nguba: Si simu ina kalkuleta?
— Papa, simu haioni noti alizopewa. Asiyejua kuhesabu anapokea zozote.

Yaya wa Panzi: Na kugawanya? Wangu ana miaka kumi, haya ameyamaliza.
— Asante yaya, hapo ndipo panaponoga. Nunueni gigozi moja ya maharagwe (kopo la maziwa ya unga ambalo wauzaji wanapimia), muipime kwenye mizani. Tuseme ni 2400 na imetoa gramu 800: kila gramu 100 ni 300, kilo 3000. Kama dukani kilo ni 2800, gigozi ni ghali. Aachwe agundue mwenyewe.

Yaya wa Panzi: Na gigozi zenye kitako kilichogongwa ndani?
— Aingize mkono mpaka chini kabla ya kupimiwa.

Mama wa Bagira: Kwa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, asilinganishe kilo ya mbichi na ya kavu. Mbichi ni maji mengi.
— Kweli kabisa, mama. Pimeni mbichi, muzianike, mpime tena. Atajua maji yalikuwa kiasi gani.