Somo: Kujaza podi ya vepu, kuitunza, na kujua lini koili imekwisha

Wakuu, salaam.

Tangu Uingereza ipige marufuku uuzaji wa vepu (sigara za umeme) za kutupa tarehe 1 Juni 2025, simu yangu haina mapumziko. Wengi wetu tulizoea kile kifimbo cha rangi: unavuta mpaka taa ipepese, unatupa, unanunua kingine. Sasa dukani unapewa ya kujaza, muuzaji anakutilia mfukoni, na maelekezo yameandikwa kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Wiki haipiti, mtu anapiga: "Kaka, hiki kidude kibovu, kina ladha ya nguo iliyoungua."

Si kibovu. Kimeunguzwa. Podi ni kile kitangi kidogo cha juisi, yaani kimiminika kinachogeuka mvuke, kinachochomekwa kwenye betri. Karibu kila podi niliyoletewa niitazame iliuliwa na mwenyewe, tena mara nyingi ndani ya dakika kumi za kwanza. Mimi mwenyewe nimo. Ya kwanza niliijaza saa tisa usiku, nje ya ghala tunalofanyia kazi, mvua inanyesha na nimebakiwa na dakika saba za mapumziko. Nikajaza, nikafunga, nikavuta papo hapo. Pafu ya kwanza, yaani mvuto wa kwanza, tamu. Ya pili ikanikata koo kama moshi wa kuni mbichi, nikakohoa mpaka msimamizi akatoka kuangalia kuna nini. Podi mpya, pafu mbili, kwisha habari yake.

Somo hili ni la mtu mzima aliyeacha sigara au anayepambana kuiacha. Mvuke una madhara machache kuliko moshi wa sigara, lakini si hewa safi, na nikotini ni ileile. Kama huvuti kitu, soma kwa kujifurahisha tu.

Ndani ya podi kuna nini

Kuna koili, yaani waya mwembamba au kipande cha wavu wa chuma, kimevikwa pamba. Pamba inanyonya juisi kupitia vitundu vidogo vya pembeni, betri inapasha waya moto, juisi inageuka mvuke. Ni kazi ileile ya utambi wa kibatari: mafuta yakikatika, unaoungua ni utambi. Ila utambi wa kibatari unaukata ncha, maisha yanaendelea. Pamba ya koili ikishaungua haina dawa. Watu wanaziosha, wanazianika dirishani, wengine wanaendelea kuvuta wakitumaini ladha itarudi. Hairudi.

Kabla ya lolote, geuza podi uangalie chini. Ziko zinazojazwa kiwandani na kufungwa moja kwa moja. Hizo unachomoa na kuchomeka nyingine. Ziko za kujaza ambazo koili imejengewa humohumo, ikichoka unabadilisha podi nzima. Na ziko ambazo koili inachomoka peke yake kwa chini, unabakiza tangi. Mkazo wangu uko kwenye hizi mbili za mwisho.

Juisi kwanza, maana nusu ya matatizo yanaanzia dukani

Kwenye chupa tazama namba mbili. Ya kwanza ni nikotini. Kwa sheria ya hapa haizidi miligramu 20 kwa mililita, chupa yenye nikotini haizidi mililita 10, na tangi halizidi mililita 2. Ukiuziwa chupa kubwa iliyoandikwa miligramu 50, hiyo imepita njia za panya. Iache hukohuko.

Ya pili ni uwiano wa vimiminika viwili. Propilini glaikoli ni nyepesi, inabeba ladha na ndiyo inayokukwaruza koo kama sigara. Glisarini ya mboga ni nzito, ndiyo inayotoa wingu. Podi ndogo, zenye koili ya omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 0.8 mpaka 1.2, zinataka nusu kwa nusu. Ukiziwekea juisi yenye glisarini asilimia 70, pamba inashindwa kuinyonya kwa kasi ya kuvuta kwako, inakauka katikati, inaungua huku tangi limejaa. Hapo ndipo mtu anaapa kwamba ameuziwa feki. Juisi nzito ni ya mashine kubwa zenye koili chini ya omu 0.5, na huko nikotini inashuka mpaka miligramu 3 au 6. Ukivuta miligramu 20 kwenye mashine kubwa utapata kizunguzungu na kichefuchefu, usimtafute mchawi.

Kujaza, hatua kwa hatua

Hatua ya 1. Chomoa podi kwenye betri. Usijaze ikiwa imechomekwa, juisi ikimwagika inaingia kwenye vishikizo vya umeme. Tandika tishu chini.

Hatua ya 2. Fungua kizibo cha mpira kwa ukucha. Si kwa meno! Nimeona kwa macho yangu. Kizibo kikichanika hata kidogo, podi itavuja mpaka utakapoitupa.

Hatua ya 3. Ingiza ncha ya chupa kwenye tundu la kujazia, iinamishe kidogo ili hewa ipate njia ya kutokea, kisha bonyeza taratibu. Kama podi yako inafunguka juu, utaona bomba katikati: hilo ni la hewa, tone lisiingie humo. Usijaze mpaka pomoni. Bakiza nafasi ndogo ya hewa, hiyo ndiyo inayoizuia juisi kusukumwa nje.

Hatua ya 4. Funga, futa podi kote, nawa mikono kwa sabuni. Nikotini inapenya ngozi.

Hatua ya 5, inayorukwa na kila mtu: subiri. Podi mpya au koili mpya ipe dakika kumi mpaka kumi na tano, imesimama wima. Kabandike chai, ichemke, unywe nusu kikombe. Kisha vuta pafu fupi tatu nne, ukiacha sekunde kadhaa katikati, na kama mashine ina wati anzia za chini. Podi iliyokwishatumika na unaiongezea tu, dakika mbili tatu zinatosha.

Kuanzia hapo usiiache ikauke. Juisi ikifika theluthi, jaza. Ukisubiri tone la mwisho, vile vitundu vya pamba vinabaki hewani na tunarudi kwenye kibatari.

Utunzaji wa kila wiki

Mvuke unapopoa unageuka unyevu, unajikusanya chini ya podi na kwenye mdomo wake. Watu wakiuona wanasema inavuja, kumbe ni jasho tu. Mara moja kwa wiki chomoa podi, kunja kona ya tishu uipitishe kwenye tundu la mdomo, kisha futa vishikizo vya umeme vya pande zote mbili kwa kijiti cha pamba kikavu. Kama vimeshika utando wa kahawia, chovya kijiti kwenye spiriti kidogo, ukaache kukauke kabisa kabla ya kuchomeka. Hiyo peke yake imefufua vepu nyingi zilizokuwa zinaandika "hakuna podi".

Iweke wima. Isilale kwenye gari juani, kwa sababu joto linaifanya juisi kuwa nyepesi na kila kitundu kinakuwa mlango. Betri ni ya lithiamu kama ya simu: tumia waya iliyokuja nayo, usiichaji kitandani wala ukiwa umelala, na ikivimba usiitumie tena.

Kubadilisha koili

Dalili ni hizi: ladha imefifia ingawa juisi ni ileile, juisi tangini imekuwa nyeusi kuliko ya chupani, au kuna uchungu wa kuungua wakati tangi limejaa. Wastani ni wiki moja mpaka mbili. Anayevuta ladha tamutamu, keki na maembe, hafiki huko, kwa sababu viongeza utamu vinagandia kwenye waya kama sukari chini ya sufuria. Mimi navuta mnanaa, koili yangu inafika wiki ya tatu.

Mwaga juisi iliyobaki kwenye tishu, chomoa koili kwa kuivuta moja kwa moja bila kuizungusha, isipokuwa kama ni ya kufungua kwa nati. Tangi tupu lioshe kwa maji ya uvuguvugu, likauke kabisa. Koili mpya idondoshee matone matatu manne kwenye pamba inayoonekana pembeni, isukume mpaka iseme *ta*, jaza, kisha rudi kwenye chai. Ubavuni mwa koili kumeandikwa omu na wati zake, usizidishe hizo.

Za zamani usizitupe na takataka za nyumbani. Maduka yanayouza vepu hapa yanatakiwa kupokea zilizotumika. Na wanaoweka akiba wajue kwamba ushuru wa pauni 2.20 kwa kila mililita 10 za juisi umepangwa kuanza tarehe 1 Oktoba 2026, iwe na nikotini au isiwe nayo.

Maswali ya wanachama

*Juma wa Luton:* Mkuu, yangu inakoroma kama hooka, halafu inanitemea juisi ya moto mdomoni. Nimefuata hatua zote.

Jibu: Juisi imeingia kwenye bomba la hewa. Chomoa podi, izungushie tishu, mdomo uangalie chini, ikung'ute kwa nguvu mara tano sita kama unakung'uta kipimajoto cha zamani. Futa chini, rudisha. Kisha punguza nguvu ya kuvuta. Waliotoka kwenye sigara tunavuta kama tunanyonya maziwa mazito kwa mrija, na ndivyo tunavyoifurisha koili. Vuta polepole na kwa muda mrefu zaidi.

*Mama Wawili:* Kaka, samahani kutoka nje ya somo. Mume wangu anaacha chupa mezani, inanukia stroberi kweli. Jana nimemkuta wa miaka mitatu anaitikisa.

Jibu: Dada, huko si nje ya somo. Juisi yenye nikotini ni sumu kwa mtoto, hata ikiwa kidogo. Kifuniko cha kubonyeza na kuzungusha kinamchelewesha tu, hakimzuii. Chupa ikae juu, ndani ya kabati linalofungwa, pamoja na vepu yenyewe. Akimeza, usimtapishe. Mfute mdomo, chukua chupa mkononi, piga 111, simu ya ushauri wa afya ya hapa Uingereza, upewe maelekezo. Ukiona anatapika, anatokwa jasho, amelegea au anashtukashtuka, ni 999, simu ya dharura, hapohapo. Mume mwambie nimemsalimia.

*Dogo Fundi:* Nina zile za kutupa kama ishirini. Nikitoboa na sindano nikajaza si nitaokoa hela?

Jibu: Dogo, nilishafanya. Nilifungua moja kwa koleo, nikajikata kidole, nikaijaza, ikaenda siku moja na nusu ikaanza kuungua. Koili yake imetengenezwa kwa juisi ile iliyokuja nayo na si zaidi. Pia ukikosea na koleo unatoboa betri ya lithiamu, na hiyo ikishika moto jikoni hutaniuliza tena habari za kuokoa. Zipeleke dukani zikapokelewe.

*Tunu:* Mimi sivuti sigara ila napenda harufu ya ile ya ndizi. Nianze na miligramu ngapi?

Jibu: Sifuri, na usinunue mashine. Kula ndizi.

*Ssebo wa Reading:* Mwezi ujao naenda Kampala kwenye harusi ya dada. Naifungaje isivuje kwenye ndege?

Jibu: Kwa Kampala, iache nyumbani. Sheria ya kudhibiti tumbaku ya Uganda ya mwaka 2015 imezipiga marufuku, kuingiza nchini na kuuza vyote vimo. Usiende kuwaharibia watu harusi kwa kusimamishwa Entebbe. Kwa wanaokwenda zinakoruhusiwa: mashine inakaa kwenye begi la mkononi kwa sababu ya betri, kamwe si kwenye sanduku la chini, na ndani ya ndege huvuti wala huchaji. Podi imwage kabisa kabla ya kupanda. Angani shinikizo linashuka, ile hewa ndani ya podi inatanuka na kuisukuma juisi nje. Nilitua na suruali ya kaki yenye doa la mnanaa pajani, nikapokelewa na mama mkwe nikiwa hivyo.

*Mzee Kibao:* Nimenunua podi mpya, nimejaza, nimesubiri nusu saa nzima, zaidi ya ulivyosema, na chai nimekunywa vikombe viwili. Haiwaki. Taa inapepesa mara tatu tu. Betri imejaa. Ya zamani nikiirudisha inawaka.

Jibu: Shikamoo mzee. Kama ya zamani inawaka, mashine ni nzima. Chomoa hiyo mpya, vaa miwani, tazama chini kwenye vile vishikizo vya umeme. Nyingi zinakuja na kibandiko cha plastiki kisicho na rangi, kimewekwa kiwandani kulinda vitundu. Nyingine kina ulimi mwekundu, nyingine hakionekani mpaka ukwaruze kwa ukucha.

*Mzee Kibao:* Marahaba. Kilikuwepo. Mjukuu ndiye aliyekiona.